Anza na Mji, Si na Roma: Namna ya Kufuata Habari na Mila za Italia Ukiwa Mbali

Hapa Malindi, ukimwuliza Mwitaliano mzee kwao ni wapi, mara nyingi hatakujibu Italia. Atakutajia mji, au kijiji ambacho hata Mwitaliano aliyeketi naye meza moja hakijui. Mume wangu ni wa Bergamo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikuwa namfungulia taarifa ya habari kutoka Roma kila usiku, nikidhani namliwaza. Alikuwa akitazama dakika tano, kisha anasinzia. Siku moja mavyaa alinitumia picha ya ukurasa wa gazeti la kwao, tena ukurasa wa matangazo ya vifo. Nilimwona mtu anaketi kitako, anavaa miwani, anasoma jina baada ya jina.

Waitaliano wana neno, campanilismo, linalotokana na campanile, mnara wa kengele wa kanisa. Ni ile hali ya kupenda kila kinachofikiwa na sauti ya kengele ya kwenu, na kukidharau kidogo kilichobaki nje yake. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana. Muulize mtu wa Lamu kuhusu Mombasa.

Mwongozo huu nimeuandikia nyumba kama yangu, ambazo mzazi mmoja ni Mwitaliano na watoto wana damu mbili. Unamfaa pia mtu wetu aliyeishi Brescia au Palermo miaka kumi akarudi nyumbani. Waitaliano walioandikishwa kuwa wanaishi nje ya nchi yao sasa ni zaidi ya milioni 6, wengi wao Argentina, Ujerumani, Uswisi, Brazili na Ufaransa. Sisi wa huku Afrika ni wachache, kwa hiyo mengi itabidi ujitafutie mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua comune yenu

Comune ni halmashauri ya mji au kijiji. Italia ina karibu 7,900, na maisha yote ya karatasi ya Mwitaliano hupita humo: kuzaliwa, kuoa, kupiga kura, kufa. Chukua daftari uandike mambo matatu: jina la comune ya mume, mke au babu, mkoa wake, ambao una herufi mbili (BG ni Bergamo, NA ni Napoli, LE ni Lecce), na jimbo, ambayo yapo 20. Kama ni kijiji kilicho chini ya comune kubwa, yaani frazione, andika na jina lake pia. Usidhani unajua. Mimi nilisema "Bergamo" miaka yote, kumbe karatasi za mume wangu ziko katika comune ya pembeni, kilomita chache kutoka mjini, na barua mbili nilizoandika zilikwenda pasipo.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, gazeti baadaye

Najua ulikuja kwa ajili ya habari na utamaduni, lakini habari nyingi zitakazokugusa wewe zitapita kwenye mlango huu. AIRE ni daftari la Waitaliano wanaoishi nje, lililowekwa kwa sheria namba 470 ya 1988. Mwitaliano anayehama nchi kwa zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujitangaza ndani ya siku 90. Ni bure. Hufanywa mtandaoni, kwenye huduma ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Italia iitwayo Fast It. Andaa nakala ya pasipoti, uthibitisho wa unapoishi (kibali cha ukaazi, bili ya stima, mkataba wa nyumba) na fomu iliyotiwa saini. Ubalozi hupeleka ombi kwa comune, na comune ndiyo inayomwandika mtu.

Wapo wazee wengi wanaokwepa jambo hili, kwa sababu aliyeandikwa AIRE hupoteza daktari wake wa familia wa serikali kule Italia. Ni kweli, hupotea. Lakini tangu 2024 faini ya kutojiandikisha ni kati ya euro 200 na 1,000 kwa kila mwaka uliopita, hadi miaka 5. Piga hesabu mwenyewe.

Kuhusu watoto, ninalo onyo moja. Mwaka 2025 Italia ilibana sana sheria ya kurithi uraia kwa damu: amri ya Machi, iliyogeuzwa kuwa sheria namba 74 mwezi Mei. Zamani uliweza kupanda ukoo hadi kwa baba wa babu wa babu. Sasa kwa jumla mwisho ni mzazi au babu na bibi, tena kwa masharti. Kwa hiyo usifuate alivyofanya jirani mwaka 2015. Uliza ubalozini leo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kipelekwe mapema, kikiwa kimehalalishwa na kutafsiriwa kwa Kiitaliano, ili comune ikiingize kwenye vitabu vyake.

Anwani nayo ukihama iibadilishe. Tulihama kutoka Malindi mjini kwenda Watamu, tukaona ni mwendo wa matatu tu, haina haja. Bahasha ya kura ilikwenda nyumba ya zamani na mpangaji mpya akaitumia kuandika hesabu za maziwa.

Hatua ya 3: Tafuta gazeti la mji

Hapa ndipo pa kutulia. Kila pembe ya Italia ina gazeti lake, na mengine ni ya zamani kuliko magazeti ya Roma. Bergamo wana L'Eco di Bergamo, tangu 1880. Napoli ni Il Mattino, Venezia ni Il Gazzettino, Firenze ni La Nazione, Sardinia ni L'Unione Sarda, Bari ni La Gazzetta del Mezzogiorno, Catania ni La Sicilia. Bologna wana Il Resto del Carlino, jina ambalo lilinichekesha nilipoelezwa: carlino ilikuwa sarafu, bei ya sigara haikuimaliza, na ile chenji iliyobaki ilitosha gazeti. Chenji ya Carlino, basi.

Haya makubwa ya taifa, Corriere della Sera la Milano na la Repubblica la Roma, utayaona kila mahali bila kuyatafuta. Corriere lina kurasa za miji kadhaa, Bergamo ikiwemo, lakini si sawa. Gazeti la mji litakwambia barabara ipi imefungwa, nani kastaafu ualimu, mkahawa upi umefunga baada ya miaka 60.

Halafu kuna kurasa za vifo, necrologi. Kijana wa Nairobi anaweza kuona ni uchuro. Lakini ndivyo jamii inavyojihesabu, kama sisi tunavyosikiliza matangazo ya vifo redioni. Kule kusini mwa Italia hubandikwa kutani, karatasi yenye mpaka mweusi, jina, umri na saa ya maziko. Bergamo husomwa gazetini. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoipiga Bergamo, kurasa hizo, ambazo kwa kawaida ni mbili tatu, zilifika 10 na kuzidi. Sisi tulikuwa huku, ndege zimesimama. Taarifa ya habari ilitupa idadi kila jioni, lakini kwenye zile kurasa tuliwaona mwalimu wa hesabu, fundi viatu, na shangazi wa mume wangu kabla simu haijatufikia.

Kwa kulipia, chagua toleo lenye sura ya gazeti la karatasi, si tovuti tu. Mzee anataka kufunua kurasa, hata kama ni kwa kidole. Na kama mnakwenda Italia likizo, pitieni maktaba ya comune mchukue kadi. Maktaba nyingi zimejiunga na MLOL, maktaba ya mtandaoni, na kwa kadi hiyo unaweza kusoma magazeti mengi bila kulipa hata ukirudi Watamu. Watu hawaisemi hii, sijui kwa nini.

Kwa habari za Waitaliano walioko nje, yaani sheria mpya, pasipoti, pensheni, kura, kuna shirika la habari liitwalo AISE ambalo halina kazi nyingine. Ni kavu kama biskuti ya jana, lakini hukosi tangazo.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma kichwa cha habari

Kiitaliano unaweza kukijua na bado usielewe gazeti. Tatizo ni majumba. Waandishi wa Italia hawaandiki "waziri mkuu". Wanaandika Palazzo Chigi. Quirinale, au Colle, yaani kilima, ni rais. Viminale ni wizara ya mambo ya ndani, Farnesina ni mambo ya nje. Montecitorio ni bunge la chini, Palazzo Madama ni seneti, Consulta ni mahakama ya katiba. Ni kama sisi tunaposema Ikulu imekanusha, ila wao wana ikulu kila kona. Bandika orodha hii kwenye friji, wiki mbili utakuwa umeishika.

Rangi nazo zina lugha yake. Cronaca nera, habari nyeusi, ni mauaji na wizi. Cronaca rosa, ya waridi, ni ndoa na talaka za watu mashuhuri. Giallo, manjano, ni mkasa wa upelelezi. Kwenye mpira ndiyo usiseme. Bianconeri ni Juventus, rossoneri ni Milan, viola ni Fiorentina, granata ni Torino, giallorossi ni Roma na Lecce wote wawili. Nerazzurri ni Inter, lakini ukiwa nyumbani kwangu ni Atalanta, timu ya Bergamo, ambao pia huitwa la Dea, mungu wa kike. Mei 2024 walishinda Ligi ya Europa mjini Dublin kwa mabao 3, yote ya Mnigeria Ademola Lookman. Usiku ule mume wangu Mbergamo na vijana wa bodaboda wa Watamu walikuwa upande mmoja, jambo ambalo sijaliona tena.

Kama Kiitaliano chako bado ni cha kujikongoja, anza na Il Post, gazeti la mtandaoni tangu 2010, ambalo hueleza jambo kutoka mwanzo bila kudhani unajua. Na kwa macho ya Kiitaliano juu ya Afrika, lipo Nigrizia la wamisionari wa Comboni, Verona, lililoanza 1883. Humo mara nyingine nimesoma habari za kwetu kwa kina kuliko nilivyozisoma hapa.

Hatua ya 5: Redio na runinga, na ile saa

Taarifa kuu ya TG1, habari za runinga ya taifa, Rai, ni saa mbili usiku ya Italia. Kwetu Afrika Mashariki ni saa nne usiku wakati wa baridi yao, na saa tatu usiku kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wao husogeza saa, sisi hatusogezi. Iandike kwenye kalenda, maana kila Machi nyumba yetu hukosa taarifa siku mbili.

TGR, habari za jimbo kwenye Rai 3, ndizo ninazokushauri zaidi: saa nane mchana na saa moja na nusu jioni, saa za kwao. Zote hupatikana kwenye programu ya RaiPlay, ambayo ni bure baada ya kujisajili. Taarifa za habari mara nyingi hufunguka ukiwa nje ya Italia. Sinema na mpira mara nyingi hukataa, na hilo si kosa la simu yako. Kwa bando dogo, tumia RaiPlay Sound, ya redio. Mzee anaweza kusikiliza akimwagilia maua.

Mkatoliki asiyejua Kiitaliano asisahau kwamba Redio Vatikani ina idhaa ya Kiswahili. Vatikani si Italia, naam, lakini watoto wangu walianza kujua majina ya makanisa ya Roma kupitia hapo. Na mavyaa alifurahi sana kusikia Kiswahili kikitaja Sotto il Monte, kijiji cha Bergamo alikozaliwa Papa Yohane wa 23.

Hatua ya 6: Kura

Tangu sheria namba 459 ya 2001, Mwitaliano aliyeandikwa AIRE hupiga kura kwa posta katika nchi nyingi anakoishi. Kuna viti maalumu vya walioko nje: tangu uchaguzi wa 2022 ni wabunge 8 na maseneta 4. Kanda yetu inaitwa Afrika, Asia, Oceania na Antaktika, ina mbunge mmoja na seneta mmoja. Ndiyo, na pengwini. Wapiga kura wengi wa kanda hii wako Australia, kwa hiyo usishangae wagombea wakiahidi mambo ya Melbourne.

Bahasha ikifika, fungua mezani, si garini. Ndani mna karatasi ya kura, cheti cha mpiga kura chenye kipande cha kukata, bahasha ndogo nyeupe, na bahasha kubwa yenye anwani tayari. Tia alama kwa kalamu nyeusi au ya buluu. Kura iingie bahasha ndogo, uifunge, usiandike chochote juu yake. Bahasha ndogo pamoja na kile kipande viingie bahasha kubwa. Usiandike jina la mtumaji nyuma, ingawa mkono wa Mkenya aliyezoea posta utawasha. Lazima ifike ubalozini kabla ya saa kumi jioni ya Alhamisi inayotangulia siku ya kura Italia. Kufika, si kutumwa. Kama wiki mbili kabla ya kura bahasha haijaja, uliza ubalozini nakala ya pili.

Hatua ya 7: Weka kalenda yao juu ya kalenda yako

Sikukuu za taifa ni rahisi: 25 Aprili ni ukombozi, 2 Juni ni jamhuri, 15 Agosti ni Ferragosto, siku ambayo usimpigie Mwitaliano yeyote kuhusu kazi. Tena Agosti yote usitume ombi la karatasi kwa comune ukategemea jibu. Februari kuna tamasha la nyimbo la Sanremo, usiku tano, kila usiku linavuka saa sita ya huko. Watu hulisema vibaya mwaka mzima na kulitazama wote.

Muhimu zaidi ni mtakatifu wa mji, kwa sababu siku yake ofisi za mji huo hufungwa. Napoli ni San Gennaro, 19 Septemba. Milano ni Sant'Ambrogio, 7 Desemba. Torino, Firenze na Genova wanaye mmoja, Mtakatifu Yohane Mbatizaji, 24 Juni. Bergamo ni Sant'Alessandro, 26 Agosti.

Bergamo wana jambo jingine. Zawadi za watoto haziletwi na Krismasi, huletwa na Santa Lucia, usiku wa kuamkia 13 Desemba. Mtoto anaandika barua, anaacha chakula cha punda wake, analala mapema. Usiku huo kwetu ni wa Jamhuri Dei. Kwa hiyo wanangu hutoka uwanjani na bendera mkononi, wakifika nyumbani wanaweka majani na maji mlangoni. Wa mwisho aliniuliza kama punda wa Santa Lucia anatoka Lamu. Nikamwambia ndiyo.

Jikoni sina la kuongeza, isipokuwa hili: polenta ni ndugu wa ugali, unga wa mahindi ya manjano, husongwa karibu saa nzima. Mavyaa alipoona ugali wangu umeiva kwa robo saa alidhani namdanganya.

Hatua ya 8: Lugha, na uzushi

Kiitaliano cha ufuoni, cha ciao bella na safari blu, kitamfikisha mtoto mbali kuliko walimu wanavyodhani, lakini hakimfikishi kwenye cheti. Mwenzi anayeomba uraia kwa ndoa, tangu mwisho wa 2018, anahitaji Kiitaliano cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Vyeti vinavyojulikana ni CILS cha Siena, CELI cha Perugia na PLIDA cha Società Dante Alighieri. Nairobi kuna Istituto Italiano di Cultura, na kila Oktoba huadhimishwa wiki ya lugha ya Kiitaliano duniani. Lahaja ya kwao mwachie baba afundishe. Mbergamo husema "pota" mahali popote ambapo sisi tungesema "sasa tufanyeje", lakini asili yake si ya kutamkwa mbele ya padri, na mimi nililitamka.

Uzushi Waitaliano huuita bufala, jina lile lile la nyati jike anayetoa maziwa ya mozzarella. Huja kwa WhatsApp, katikati ya picha za kikombe cha kahawa na salamu za asubuhi ambazo nyanya wa Italia hutuma bila kuchoka. Habari za pensheni kufutwa na pasipoti kukatazwa zitafute kwanza kwenye Facta au Pagella Politica, tovuti za kuhakiki habari, wao huchambua. Ukimkosoa mavyaa, mkosoe faraghani, si kwenye kundi la familia.

Hatua ya 9: Simu

Chagua saa moja isiyobadilika. Sisi tulichagua saa ya Campanone, kengele kubwa ya mji wa juu wa Bergamo. Kila usiku saa nne ya kwao hugonga mara 100, tangu zama Bergamo ilipotawaliwa na Venezia, kengele ilipokuwa ikitangaza kufungwa kwa malango ya mji. Kwetu huwa saa tano usiku kiangazi, saa sita baridi. Mavyaa hufungua dirisha, anaweka simu ukingoni, hasemi kitu. Mume wangu huhesabu. Mara nyingi husinzia kabla ya 60, nami ndiye ninayekata.